UZI: Saa 70,000 za feni zimetoka wapi? Jinsi ya kukadiria umri na uimara wa feni za kupoozea vifaa

#1 Mpimaji

Wakuu, uzi huu ni wa feni ndogo za umeme wa DC: za kompyuta, seva, pawa saplai, inveta, rauta na makabati ya mitambo. Swali linalorudi kila mara ni lilelile. Feni moja imeandikwa saa 50,000, nyingine saa 150,000, zote za milimita 120, nichukue ipi?

Kwa namba hizo peke yake hujaambiwa kitu bado. Fungua datashiti (karatasi ya vipimo ya mtengenezaji) utafute mambo manne.

Kwanza, saa hizo ni L10 au ni MTTF? L10 ni muda ambao ukifika, feni 10 kati ya 100 zimeshakufa na 90 bado zinazunguka. MTTF ni wastani wa umri wa kundi zima, na hapo wengi wanaingia mkenge. Ikiwa feni zinakufa kwa kasi isiyobadilika, L10 ni kama asilimia 10.5 tu ya MTTF. Kwa hiyo ile ya "saa 150,000", kama ni MTTF ya aina hiyo, L10 yake ni saa 15,800 hivi. Ile ya 50,000, kama ni L10, inaiacha mbali sana.

Pili, kwenye joto gani? Nyuzi 25, 40 na 60 ni dunia tatu tofauti.

Tatu, walihesabu kwamba feni "imekufa" ikifika hali gani? Kuna watengenezaji wanaohesabu mizunguko ikishuka asilimia 15, wengine wanasubiri ishuke 30, na wapo wanaongeza kelele na ampea kwenye vigezo. Anayesubiri feni isimame kabisa atapata saa nyingi bila kuboresha chochote.

Nne, walipima au walikokotoa? Namba iliyotoka kwenye jedwali la kuaminika kwa vipuri vya umeme haijui lolote kuhusu grisi, na feni nyingi huuawa na grisi au oili.

Datashiti isiyojibu mawili ya kwanza, hiyo namba ichukulie kama pambo la boksi.

#2 Gololi_12V

Naongezea hapo kwenye joto. Kinachozeeka ni kilainishi. Joto likipanda, mafuta yaliyomo kwenye grisi yanavukiza na kuchacha, yanabaki masalia mazito yasiyolainisha. Ndiyo maana umri wa feni hukadiriwa kwa kanuni ya nyuzi 10: kila joto likipanda nyuzi 10, gawa saa. Ugomvi uko kwenye namba ya kugawia. Wapo wanaogawa kwa 1.5, wapo wanaogawa kwa 2.

Chukua feni ya L10 saa 70,000 kwenye nyuzi 40, uipeleke kwenye nyuzi 60. Kwa 1.5 unagawa mara mbili, yaani kwa 2.25, unabaki na saa 31,100. Kwa 2 unagawa kwa 4, unabaki na 17,500. Mwaka mzima bila kuzima ni saa 8,760. Tofauti hiyo ni miaka mitatu na nusu dhidi ya miaka miwili.

Kwa usalama, unaposhusha umri kwa sababu kwako ni joto kuliko la datashiti, tumia 2. Unapopandisha umri kwa sababu kwako ni baridi zaidi, tumia 1.5, au usipandishe kabisa.

Na joto linalohusika ni la hewa inayoingia kwenye feni, si la chumba. Weka kihisi sentimita moja au mbili mbele ya mapanga, upande wa kuvuta. Chumba kinaweza kuwa nyuzi 28 huku feni ya nyuma ya kabati inameza hewa ya nyuzi 52.

#3 Kipepeo

Swali kwa Mpimaji. MTTF ya saa 200,000 ukigawa kwa 8,760 inakuja karibu miaka 23. Kwani kuna feni iliyowahi kupimwa miaka 23?

#4 Mpimaji

Hakuna, mkuu. Namba hiyo isome kama kasi ya vifo, usiisome kama umri wa feni moja. Ukiwa na feni 100 zinazozunguka mwaka mzima, umetumia saa 876,000 za feni. Gawa kwa 200,000: tarajia vifo vinne au vitano kwa mwaka. Hapo inakufaa kupanga spea. Kupanga siku ya kubadilisha, hapana, maana kasi hiyo inashika katikati ya maisha tu, kabla kilainishi hakijaanza kuisha.

#5 BintiUmeme

Naona tunazungumzia kilainishi bila kukitazama, basi tufungue feni. Geuza upande wa stika. Chini ya stika kuna kifuniko cha mpira au cha plastiki. Ukikitoa unaona ncha ya shafti, mfereji wake, na ndani ya mfereji klipu nyeupe iliyopasuliwa upande mmoja. Chini ya klipu kuna washa nyembamba, wakati mwingine na kipete cha mpira. Toa klipu, rota yote inachomoka na mapanga yake.

Feni ya bushi iliyozeeka inajieleza yenyewe. Shafti inakuwa na mkanda wa kahawia kama vanishi, na kwenye washa kuna uji mweusi unaonata, ni oili iliyochacha ikachanganyika na vumbi la shaba. Bushi ni shaba ya unga ulioshindiliwa ukachomwa, ina vitundu vidogo vilivyonyweshwa oili. Shafti ikizunguka inaivuta oili, ikisimama oili inarudi. Kila mzunguko kuna tone lisiloonekana linalopotea kupitia nchani. Hicho ndicho kisima, kikikauka basi.

Feni ya gololi ina beringi mbili ndogo, moja kila upande, na spring inayozibana ili zisicheze. Hapa ni grisi, na haiponyoki kirahisi. Inavumilia joto zaidi na inakubali kulala, kusimama au kuning'inia.

Halafu kuna zile zinazoandikwa FDB (fluid dynamic bearing, beringi ya mgandamizo wa oili). Nazo ni bushi, ila imechongwa mifereji ya umbo la mifupa ya samaki inayosukuma oili katikati ijenge mgandamizo, shafti ikaelea bila kugusa ukuta. Nyingine zina mfereji wa kujizungusha kama skrubu. Usiziweke kapu moja. Jina la kibiashara la beringi halikuambii mifereji ikoje wala oili imezibwa vipi, na bushi ya kawaida iliyopewa jina zuri itakufa kama bushi ya kawaida.

#6 Shafti

Hapo kwenye gololi kuwa bora nitapinga kidogo. Gololi hufa kwa kuangushwa. Feni ikianguka sakafuni kutoka mezani, kila gololi inaacha shimo dogo kwenye njia yake, na kuanzia siku hiyo inavuma. Vivyo hivyo kuibonyeza kwa kidole gumba katikati ya kitovu wakati wa kufunga. Bushi inavumilia mambo hayo vizuri zaidi, tena ikiwa mpya ni kimya kuliko gololi. Kwa kifaa cha nyuzi 30 kinachokaa wima na kuzimwa usiku, gololi unanunua kelele bure.

#7 BintiUmeme

Sikatai kuhusu kuangushwa. Ila tazama namna zinavyokufa. Gololi hulia miezi mingi kabla ya kufa: mvumo, kisha mkwaruzo, kisha mlio wa mchanga. Bushi inaenda vizuri mpaka siku unapozima umeme. Shafti inapoa, uji unaganda, ukiwasha haiondoki. Feni iliyozunguka miaka bila shida inakufa kwa kuzimwa dakika kumi. Kwenye mtambo usiopaswa kusimama, mimi nachukua inayolia.

Na bushi ya kawaida usiilaze ikatazama juu au chini. Shafti ikiwa wima, uzito wote wa rota unakaa nchani, na ikiwa upande wenye uwazi uko chini, oili inashuka na kutoka.

#8 Shafti

Kulaza nakubali. Kuzima na kuwasha nakubali pia, ndiyo maana nikasema inayozimwa kila usiku: ikianza kunata utaijua mapema asubuhi moja, si baada ya miaka.

#9 Kipepeo

Sasa hao watengenezaji wanapataje L10 ya saa 70,000, yaani miaka minane, bila kusubiri miaka minane?

#10 Mpimaji

Wanatia feni kwenye oveni. Kuna kanuni moja rahisi: feni 22 zikimaliza muda fulani bila hata moja kufa, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 90 kwamba L10 haipungui muda huo. Wakiongeza idadi ya feni, wanapunguza muda. Wakiongeza joto, wanapunguza zaidi.

Mfano wa feni 50 kwenye nyuzi 70, lengo L10 saa 70,000 kwenye nyuzi 40, hakuna kifo. Ukitumia mgawanyo wa Weibull (fomula ya takwimu ya jinsi vifo vinavyotawanyika kwa muda) wenye beta 1.1 (namba ya umbo la mtawanyiko huo, naieleza chini), unahitaji kama saa 33,000 za nyuzi 40. Kutoka 40 hadi 70 ni nyuzi 30. Kwa 1.5 unagawa kwa 3.375, jaribio ni saa 9,770, yaani siku 407. Kwa 2 unagawa kwa 8, jaribio ni saa 4,120, siku 172. Oveni ni ileile na feni ni zilezile, aliyechagua 2 amemaliza kabla ya nusu mwaka na ameandika saa 70,000 zilezile.

Kwa hiyo ukiuliza mtengenezaji, muulize hivi: feni ngapi, joto gani, saa ngapi, ngapi zilikufa, namba ya kuharakishia (ile 1.5 au 2) ni ipi, beta ni ngapi. Anayejua kazi atajibu kwa mstari mmoja.

Beta nayo ina kazi nyingine. Ikiwa karibu na 1, vifo ni vya kubahatisha: solda mbovu, chipu ya kuendeshea mota, waya uliokatika. Hapo kubadilisha feni nzima kabla ya wakati hakukusaidii, mpya inaweza kufa vilevile. Ikiwa 3, ni uchakavu, vifo vinarundikana karibu na wakati mmoja, na kubadilisha mapema kunalipa. L10 na MTTF pia zinakaribiana: kwa beta 3, MTTF ni kama mara 1.9 ya L10, kwa beta 1.1 ni kama mara 7.5.

Pia kumbuka jaribio hilo ni la kuzunguka mfululizo kwenye hewa huru. Hakuna vumbi, hakuna kuwasha na kuzima, hakuna mtikisiko.

#11 Gololi_12V

Tuje kwenye feni ambayo tayari iko kazini. Vipimo vinavyosema kweli, kwa mpangilio wangu:

Volti ya kuanzia. Tumia pawa saplai ya kurekebisha, anza sifuri, panda taratibu mpaka mapanga yaondoke yenyewe. Feni nyingi za volti 12 huondoka mahali fulani kati ya 4 na 7. Namba yenyewe si muhimu kama mabadiliko. Ikiwa mpya iliondoka kwenye 4.5 na sasa inataka 7, beringi inanata. Pima ikiwa baridi, imelala kimya saa kadhaa. Ukipima ikitoka kazini itakudanganya.

Sekunde za kusimama. Zima umeme, hesabu mpaka panga la mwisho lisimame, linganisha na mpya ya modeli ileile. Usilinganishe modeli tofauti, sumaku na uzito wa rota vinatofautiana.

Ampea. Msuguano ukizidi, mizunguko inashuka na ampea zinapanda. Ila zile za kwenye stika mara nyingi ni za juu kabisa, kwa hiyo pima mwenyewe siku ya kwanza, uandike kwa kalamu ya wino wa kudumu kwenye fremu pamoja na tarehe.

Kuchezesha. Shika kitovu, sukuma na kuvuta kidogo. Kuingia na kutoka kidogo ni kawaida kwa bushi. Kuyumba kulia na kushoto si kawaida kwa yoyote.

#12 Shafti

Angalizo kwenye ampea: feni ya konokono, ile ya kupuliza pembeni, ukiziba njia ya hewa ampea zake zinashuka na mizunguko inapanda, kwa sababu haisukumi hewa. Fundi akiona ampea zimeshuka anasema feni nzima, kumbe chujio limejaa. Ya mapanga ya kawaida haina tabia hiyo, ukiiziba mara nyingi inakula zaidi.

#13 BintiUmeme

Na kwa zenye waya wa kusomea mizunguko: nyingi hutoa mapigo mawili kwa mzunguko, kwa hiyo hezi mara 30 ndiyo RPM (mizunguko kwa dakika). Pato hilo ni la kuvuta chini tu, bila rezista ya kwenda kwenye volti hutaona kitu kwenye multimita wala oskiloskopu, na watu wanatupa feni nzima kwa hilo.

Kosa kubwa zaidi ni kutazama RPM kwenye mfumo unaojirekebisha. Kidhibiti kimeambiwa shikilia 2,000. Feni ikichoka, kinaongeza PWM (ishara ya mapigo inayoiambia feni iende kwa asilimia ngapi) kimyakimya, 2,000 inabaki 2,000. Grafu imenyooka huku PWM imetoka asilimia 40 hadi 65. Hifadhi PWM, si RPM. Au mara moja kwa mwezi peleka asilimia 100 kwa dakika moja, usome RPM ya juu, uilinganishe na ya siku ya kwanza. Ikishuka asilimia 15, agiza nyingine.

#14 Kipepeo

Kutia oili kunarudisha umri au ni kujifariji?

#15 Shafti

Kwa bushi kunasaidia ukiwahi, kabla shafti haijalika. Toa rota, futa uji wote kwa spiriti, shafti na tundu la bushi, washa pia. Tone moja au mawili ya oili nyepesi ya mashine, basi. Ikizidi inatoka na kurushwa kwenye mapanga, inakamata vumbi, mapanga yanakosa mizani. Safisha pale stika inapokaa mpaka pakauke, la sivyo haitashika na vumbi litaingia moja kwa moja. Dawa ya kulegeza kutu usiiguse: siku mbili za kwanza utafurahi, kisha itakuwa imeosha hata oili iliyobaki.

Gololi iliyoanza kulia badilisha. Njia yake imeshachimbika, grisi mpya haizibi mashimo.

Na ukipuliza vumbi kwa kompresa, shika mapanga kwanza. Hewa inaizungusha kupita kasi yake, beringi inaumia, na mota inageuka jenereta ya kurudisha volti kwenye bodi.

#16 Gololi_12V

Kwenye mifumo ya betri kuna jambo linasahaulika. Feni nyingi za volti 12 zimeruhusiwa 10.8 hadi 13.2. Betri ya 12 ikichajiwa inafika 14.4. Feni inazunguka kasi kuliko ilivyokusudiwa, koili na chipu zinapata joto la ziada kila siku jua likiwa kali. Tafuta yenye wigo mpana kwenye datashiti au weka kishushio cha volti kabla yake.

#17 Kipepeo

Shukrani wakuu. Nipeni hesabu kamili ya kabati langu: feni tatu za gololi, L10 saa 70,000 kwenye nyuzi 40, zinatoa hewa nje, hewa inayozifikia ni nyuzi 55, haizimwi. Moja ikifa, kabati linazidi joto.

#18 Mpimaji

Nyuzi 15 juu. Kwa 1.5 unagawa kwa 1.84, L10 inakuwa saa 38,100. Kwa 2 unagawa kwa 2.83, inakuwa 24,700. Hiyo ni ya feni moja moja. Muda huo ukifika, nafasi ya zote tatu kuwa hai ni 0.9 × 0.9 × 0.9, asilimia 73. Unataka 90 kwa kundi zima, kwa hiyo punguza. Kwa beta 3 zidisha kwa 0.693: kwenye 38,100 unapata saa 26,400, miaka mitatu. Kwa beta 1.1 zidisha kwa 0.37, unabaki na saa 14,000, mwaka mmoja na miezi saba. Bila data ya beta, pima volti ya kuanzia kila miezi sita, na ubadilishe zote tatu kwa pamoja mwaka wa tatu usifike mwisho.

Pia moja ikifa, tundu lake linakuwa njia ya hewa ya nje kurudi ndani, kwa hiyo unapoteza zaidi ya theluthi. Weka vifuniko vyepesi vinavyojifunga feni ikisimama, nyuma ya kila feni.

#19 Gololi_12V

Au zihamishe chini, zisukume hewa ya nje kuingia. Zitameza hewa ya nyuzi 35 badala ya 55. Hata usipopandisha L10 juu ya 70,000 ya datashiti, mara 0.693 ni saa 48,500, miaka mitano na nusu, kwa feni zilezile. Utahitaji chujio, na chujio lisiposafishwa utarudi hapa kulalamika.

#20 Kipepeo

Nitahamisha. Mshale kwenye fremu haupo, nitajuaje upande?

#21 BintiUmeme

Upande wenye stika na miguu inayoshikilia mota ndiko hewa inakotokea. Uelekeze ndani ya kabati, kisha washa na uweke karatasi nyepesi nje ya chujio: ikivutwa na kunata, umepatia.